Chupa Imekatazwa, Mdudu Bado Hajatambuliwa

Mwezi Mei 2025, mjini Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuiweka klopirifosi kwenye orodha ya kemikali zinazotakiwa kuondolewa duniani, huku matumizi machache yakipewa muda wa ziada. Kiuatilifu hiki si kigeni Afrika Mashariki: kimepigwa kwenye mahindi na mboga dhidi ya sota na viwavi, kimemwagwa kwenye misingi ya nyumba dhidi ya mchwa. Katikati ya mwaka huohuo Kenya, kupitia Waziri wake wa Kilimo Mutahi Kagwe, ikatangaza kwamba bidhaa 77 za kuua wadudu na visumbufu zimeondolewa sokoni, 202 zimewekewa mipaka ya matumizi, na 151 nyingine zinachunguzwa upya. Tangu hapo, kila ninapokaa na watu wa kilimo, iwe Morogoro, Arusha au hapa Dar es Salaam, nasikia mambo mawili. Kundi moja linasema mkulima amenyang'anywa panga katikati ya vita na watu waliokwisha kushiba. Kundi la pili linashangilia kwamba sumu imeondoka mezani na sasa tutakula salama.

Naona makundi yote mawili yamekamata chupa yakamwacha mdudu. Hasara kubwa, ya mazao, ya fedha na ya afya, hutokea kabla chupa haijafunguliwa. Hutokea pale mtu anapoamua dawa ya kununua bila kujua anapambana na kiumbe gani, kiumbe huyo amefikia hatua gani ya maisha yake, na anajificha wapi. Pale ambapo kosa hilo halijasahihishwa, bidhaa 77 zilizoondoka zitarithiwa na nyingine 77 zitakazotumiwa vibaya vilevile. Na pale ambapo limesahihishwa, nyingi kati ya hizo zilizokatazwa hazikuwa na kazi yoyote ya lazima shambani.

Lugha yetu yenyewe inaonyesha mahali tulipoteleza. Tunasema "kupiga dawa", "dawa ya panya", "dawa ya mende". Neno linalotumika kwa kidonge cha malaria ndilo tunalompa kitu kilichotengenezwa kuua. Upande wa pili tuna neno "mdudu", linalobeba kila kitu: kiwavi, utitiri, ukungu wa majani, minyoo ya udongoni, hata ugonjwa wa mtu. "Shamba limeingiliwa na mdudu, nataka dawa." Sentensi hiyo husemwa kila siku kwenye maduka ya pembejeo, na muuzaji huijibu kwa kunyoosha mkono kwenye rafu. Hakuna hata mmoja kati ya wawili hao aliyetaja jina la kitu chochote. Ajabu ni kwamba Kiswahili hakikuwa maskini wa majina haya. Kina fukusi, sota, bungua, vidukari, utitiri, mchwa na kumbikumbi, chawa na papasi. Wazee waliotoa majina hayo walikuwa wamekaa chini wakatazama.

Mfano ninaouamini kuliko yote ni wa dumuzi, kwa sababu ni wa kwetu na ulikwisha kutufundisha somo hili miaka zaidi ya 40 iliyopita. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa Tabora walianza kuona mahindi yao ghalani yakigeuka unga. Mwaka 1981 mdudu huyo alitambuliwa rasmi: mbawakawa mdogo wa asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambaye hakuwahi kuonekana Afrika kabla ya hapo. Wananchi wakamwita dumuzi. Wengine, hasa upande wa Taveta alikovukia Kenya muda mfupi baadaye, wakamwita Scania. Vipimo vilivyofanywa Tanzania miaka hiyo vilionyesha kwamba mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake yaliweza kupoteza hadi asilimia 34 ya uzito ndani ya miezi 3 hadi 6. Mtu aliyevuna magunia 10 angeweza kujikuta amepoteza zaidi ya 3 kabla hajafika kipindi cha njaa.

Mwanzoni watu walifanya walichokizoea. Walichukua dawa ya fukusi, mdudu wa ghalani waliyemjua tangu zamani, wakainyunyiza. Fukusi akafa, dumuzi akaendelea kutoboa. Sababu ilikuja kueleweka baada ya kumtenganisha mmoja na mwenzake. Fukusi ana mkonga mwembamba mbele ya kichwa. Dumuzi hana, na ukimtazama kutoka juu kichwa chake hakionekani kabisa, kimeinamia chini ya kifua, na nyuma mwili wake umekatika kama gogo lililopigwa msumeno. Fukusi huacha tundu na vumbi kidogo. Dumuzi huacha unga wa kujaza kiganja. La muhimu zaidi, pirimifosi-methili iliyomuua fukusi vizuri haikumtosha dumuzi, na permethrini iliyomuua dumuzi haikumtosha fukusi. Ndiyo maana ikaja poda yenye mchanganyiko wa zote mbili, ambayo hadi leo wakulima wengi huitaja kwa jina moja tu la dukani bila kujua kwamba ndani yake mna viuatilifu viwili kwa sababu ghalani mna wadudu wawili.

Lakini poda ilikuwa nusu tu ya jibu. Watafiti waliona kwamba dumuzi hustawi zaidi kwenye gunzi, kwa sababu punje zilizobanana humpa mahali pa kujishikiza anapotoboa. Ushauri ukawa: pukuchua kwanza, ndipo uhifadhi. Kwa jamii zilizozoea kuning'iniza mahindi na maganda yake darini au kuyaweka kwenye vihenge, hayo yalikuwa mabadiliko makubwa ya kazi za nyumbani, na wengi walikubali kwa sababu walielezwa mdudu mwenyewe anavyoishi. Ikajulikana pia kwamba dumuzi ni wa ukoo wa watoboa miti, hivyo nguzo za ghala, makopa ya muhogo na miti ya porini vinaweza kuwa kambi yake msimu wa mahindi ukipita. Miaka ya 1990 aliletwa adui wake wa asili, mbawakawa mwingine anayemfuata kwa harufu, akaachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Leo tuna mifuko ya PICS yenye tabaka tatu, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue kwa ajili ya kunde za Kameruni, ambayo hufanya kazi kwa jambo moja rahisi: ukiifunga sawasawa, wadudu walio ndani wanaimaliza hewa yao wenyewe. Hakuna poda inayohitajika. Mfuko huo nao unamtaka mwenye mahindi ajue kitu, kwamba mahindi yasiyokauka yatavunda ndani yake, na kwamba tundu moja la panya linaharibu kazi yote.

Sasa linganisha hilo na tulivyompokea kiwavijeshi vamizi. Aliripotiwa Afrika Magharibi mwanzoni mwa 2016, na kufikia 2017 alikuwa Kenya na Tanzania. Kosa la kwanza lilikuwa kwenye jina. Kiwavijeshi tuliyemjua tangu zamani hutembea kwa makundi, mweusi, anakula nyasi, mpunga na mahindi kwa siku chache kisha anatoweka. Mgeni huyu hatembei kijeshi. Anakaa ndani ya moyo wa muhindi, peke yake au na wachache, amejifunika kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao uliolowa, na akishakaa shambani haondoki msimu mzima. Watu waliposikia "viwavijeshi" walisubiri jeshi. Walipoona majani yametoboka, wengine wakadhani ni bungua wa mabua, wakapiga dawa ya bungua. Wengine wakasubiri kiwavi awe mkubwa aonekane vizuri, ndipo wakapiga, saa sita mchana, juani, wakati kiwavi amezama ndani na dawa inakauka juu ya majani.

Ishara zake zinaweza kufundishwa kwa mtoto wa shule ya msingi. Kichwani ana mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangika kama pembe za mraba. Mayai yake hutagwa kwa mafungu ya 100 hadi 200, yamefunikwa manyoya laini, mara nyingi kwenye jani, na mtu akiyasagia kwa vidole asubuhi ameondoa viwavi 100 kwa sekunde moja. Kiwavi hupitia hatua 6, na sehemu kubwa ya chakula chake chote hukila katika hatua mbili za mwisho. Akifika hapo amekwisha kujificha na dawa nyingi hazimpati. Kwa hiyo thamani ya dawa iko kwenye siku chache za mwanzo, asubuhi au jioni, ikielekezwa kwenye moyo wa mmea. Miongozo inayotumika barani inasema wazi lini inafaa kupiga: mahindi yakiwa machanga, kama miche 20 katika kila 100 ina dalili mpya, yakishakuwa makubwa kabla ya kutoa mbelewele, kama 40 katika 100, baada ya hapo, kwa mkulima mdogo, kupiga dawa mara nyingi ni kupoteza fedha. Muhindi ulioliwa majani huweza kujirudi. Jani lililotoboka linatisha macho kuliko linavyopunguza mavuno, na hofu hiyo ya macho ndiyo iliyouza chupa nyingi kuliko kiwavi mwenyewe.

Nilimwona mtu wangu wa karibu akianguka kwenye kosa hili. Shangazi yangu ana bustani ya nyanya wilayani Mvomero. Msimu mmoja alinipigia: "Mwanangu, kantangaze ananimaliza, nimepiga dawa mara tatu hafi." Nikamwomba apige picha za majani, juu na chini. Kantangaze ni yule nondo mgeni kutoka Amerika Kusini aliyeingia kwetu mwaka 2014, na kiwavi wake huchimba ndani ya jani akaacha mabaka meupe yenye kinyesi cheusi ndani yake. Kwenye picha za shangazi hapakuwa na njia ya kiwavi hata moja. Palikuwa na madoa ya kahawia yenye ukungu mweupe upande wa chini wa jani, kipindi cha baridi na mvua. Ule ulikuwa ugonjwa wa ukungu, na dawa ya wadudu haiuui ukungu hata ukiipiga mara 30. Muuzaji hakumdanganya kwa makusudi. Hakuna aliyemuuliza jani likoje. Shangazi alikuwa ametaja jina la mdudu anayezungumzwa zaidi kijijini, na jina hilo likageuka kuwa hukumu.

Kuna madhara mengine ya kupiga bila kutambua ambayo hayaonekani siku hiyo. Utitiri mwekundu wa nyanya si mdudu hata kidogo. Ana miguu minane, ni wa jamii ya buibui. Dawa nyingi za wadudu hazimdhuru sana, ila zinaua wanaomla. Mkulima anapiga dawa ya jamii ya pirethroidi, baada ya wiki mbili majani yana utando mwembamba na rangi ya kutu, anaona "mdudu amezidi", anaongeza kipimo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfungulia utitiri mlango. Ninalisema hili kwa sababu klopirifosi ikiondoka, pirethroidi ndizo zitakazojaa kwenye rafu, ni nafuu na zipo tayari. Tusipobadilisha namna ya kuamua, marufuku ya Geneva inaweza kutuletea miaka ya utitiri, na watu watasema marufuku ndiyo iliyouleta.

Nyumbani hali ni mbaya kuliko shambani, na inazungumzwa kidogo kuliko inavyostahili. Asubuhi yoyote Manzese, Mbagala au pembezoni mwa Kariakoo utasikia kipaza sauti cha mchuuzi kikirudia sauti iliyorekodiwa: dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya viroboto, dawa ya panya, dawa ya mchwa. Mara nyingi chupa ni ileile, haina lebo ya maana, wala hakuna anayeuliza ndani mna nini. Simlaumu mchuuzi anayetafuta riziki yake. Ninachokiona ni orodha ya viumbe ambao hawafanani kwa lolote, wamewekwa kwenye sentensi moja kwa sababu mnunuzi naye anawaona wote kuwa "wadudu".

Chukua kunguni. Jike hugandisha mayai kwenye mishono ya godoro, nyufa za kitanda na nyuma ya picha ukutani. Mayai huanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili, na dawa nyingi za kupuliza haziyaui. Kinda hujivua gamba mara tano kabla ya kukomaa, na kila mara anahitaji mlo wa damu. Mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Ongeza kwamba kunguni wa sehemu nyingi duniani wamekwisha kuzoea pirethroidi. Mtu anapuliza leo, anaona waliokufa, analala. Baada ya wiki mbili anasema "wamerudi". Hawakurudi popote, walikuwa mayai. Na katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, ukipuliza chumba kimoja umewahamisha tu hadi kwa jirani, ambaye atawarudisha kwako. Anayejua hayo hufungua kitanda chote, hutumia maji yanayochemka kwenye fremu na nyufa, hufua nguo na mashuka kwa maji ya moto kwani joto linalozidi nyuzi 50 likishikilia linawaua wote pamoja na mayai, huziba nyufa, hurudia baada ya siku kama 14, na hukubaliana na wapangaji wenzake wafanye siku moja. Kazi ni ngumu, lakini gharama yake kubwa ni kuni au mkaa.

Asiyejua hukata tamaa, na aliyekata tamaa hutafuta kitu kikali zaidi. Hapo ndipo vidonge vya fosfidi ya alumini, vilivyotengenezwa kufukiza maghala yaliyofungwa, vinapoingia chumbani. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo haina dawa ya kuizima ikishaingia mwilini. Hupita kwenye nyufa, na katika nyumba zenye dari moja juu ya vyumba vyote humfikia mtu ambaye hata hajui jirani yake amefanya nini. Watoto ndio wa kwanza kuzidiwa. Kunguni, kwa kero yake yote, hajathibitika kumwambukiza binadamu ugonjwa. Tunaleta ndani kitu kinachoua familia ili kuondoa kitu kinachowasha. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika mjadala huu, na silisikii likitajwa na wanaolilia chupa wala na wanaozishangilia marufuku.

Mende nao tunawaweka kapu moja. Yule mdogo wa rangi ya kahawia hafifu mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa anaishi jikoni kwako, nyuma ya friji na ndani ya kabati, na jike lake hubeba kifuko cha mayai 30 hadi 40 mpaka karibu na kuanguliwa. Yule mkubwa mwekundu anatoka chooni na kwenye mifereji. Kumpulizia mkubwa jikoni ni kazi bure, kwani mlango wake ni karo lililovunjika kifuniko.

Turudi kwa hoja za wanaopinga marufuku, maana si zote dhaifu. Iliyo nzito ni ya visumbufu wanaohama. Nzige wa jangwani walipovamia Kenya, Ethiopia na Somalia kati ya 2019 na 2021, hakuna mkulima ambaye angeokolewa na macho yake. Kweleakwelea wakiingia kwenye mpunga au mtama kwa mamilioni, kila mmoja akila takribani gramu 10 kwa siku, mwenye shamba hana la kufanya zaidi ya kupiga madebe. Hapo serikali lazima iwe na ndege na iwe na kiuatilifu. Katika vikao hivyohivyo vya Geneva, chini ya Mkataba wa Rotterdam, fenthioni inayopulizwa kwa ndege dhidi ya kweleakwelea iliingizwa kwenye orodha ya kemikali ambazo nchi inayoagiza lazima iarifiwe na kuridhia kwanza. Hiyo si marufuku, ingawa wengi wameisoma hivyo. Naikubali hoja hii kwa moyo wote. Ila ni hoja ya ndege za serikali, na anayeitumia kutetea chupa isiyo na lebo kwenye bustani ya mchicha anaipeleka mahali isipohusika.

Hoja ya pili, kwamba kuondoa dawa nyingi kwa mkupuo kutapandisha gharama, nayo ina ukweli. Dawa mpya zenye madhara madogo ni ghali, na nyingine hazipatikani mbali na miji mikubwa. Lakini gharama hupimwa kwa msimu mzima. Mtu anayepiga mara mbili kwa wakati wake kwa dawa ya bei ya juu anaweza kutumia fedha kidogo kuliko anayepiga mara nane kwa dawa ya bei ya chini.

Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba mkulima mdogo hana elimu wala muda wa kutambua wadudu, mpe dawa inayoua kila kitu. Hii inasemwa na watu wanaojiita watetezi wa mkulima. Historia yetu inaikana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilayani Kilosa, wanavijiji walikabidhiwa mitego yenye harufu ya nondo jike na vipimo vya mvua, wakawa wanahesabu nondo wenyewe na kutoa tahadhari ya viwavijeshi kwa kijiji chao kabla mazao hayajaliwa. Hawakuwa na shahada. Huko Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimechunguza panya shamba kwa miongo mingi na kuonyesha kwamba mvua nyingi za mapema, za vuli, huwafanya panya waanze kuzaa mapema, na mlipuko hufuata. Mkulima yeyote wa Morogoro anaelewa mvua. Ukimpa uhusiano huo, atajua mwaka gani wa kuweka mitego na kusafisha mapori ya pembezoni kabla ya kupanda, badala ya kusubiri mbegu zifukuliwe. Na wakulima wa kandokando ya Ziwa Viktoria waliojifunza kilimo cha sukuma-vuta kutoka kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilichoko Mbita, Kenya, kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi na majani ya mifugo pembeni, walilazimika kujua nondo anavutwa na nini na anakimbia nini. Mbinu iliyobuniwa kwa ajili ya bungua ikaja kuonekana kupunguza viwavijeshi vamizi kwa zaidi ya asilimia 80. Elimu hii inaingia vichwani bila taabu. Kilichokosekana ni mtu wa kuileta.

Nawageukia pia wanaoshangilia, kwa sababu wengi wao wanakimbilia neno "asili" kana kwamba asili haiui. Maji ya tumbaku yana nikotini, moja ya sumu kali za zamani kabisa shambani, na hupenya kwenye ngozi ya anayepulizia. Pareto inayolimwa Mufindi na Njombe ni dawa nzuri ya wadudu, inavunjika haraka juani, lakini inaua nyuki na samaki pia. Mwarobaini unafanya kazi kwa viwavi wadogo na vidukari, polepole, na hauna uwezo juu ya ukungu uliomsumbua shangazi yangu. Anayepiga mwarobaini kwenye kila kitu amefanya kosa lilelile la mchuuzi wa kipaza sauti, isipokuwa yeye hatumii kipaza sauti.

Kama nimeeleweka, basi maswali ya kuiuliza serikali, hapa na Kenya, yanabadilika. La kwanza ni mizigo iliyobaki. Bidhaa iliyokatazwa upande mmoja wa mpaka na kuruhusiwa upande wa pili itatafuta njia, na Namanga na Holili si mbali. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania na Bodi ya Kenya inayosimamia viuadudu zinahitaji orodha zinazozungumza, na zitangazwe kwa Kiswahili, kwa majina ya dukani ambayo watu wanayajua. La pili ni maafisa ugani. Mwaka 2022 walikabidhiwa maelfu ya pikipiki mjini Dodoma, na nilifurahi sana siku ile. Pikipiki humfikisha afisa shambani. Akifika anahitaji lenzi ya mkononi, mafuta ya kesho, na kazi yake ipimwe kwa mashamba aliyoyakagua, isiwe kwa semina alizoorodhesha. La tatu ni simu. Picha zinasaidia, ziliniwezesha kumsaidia mtu aliye Mvomero nikiwa Dar, lakini utitiri haonekani vizuri kwenye picha ya kawaida na mzizi wenye minyoo hauonekani kabisa, kwa hiyo simu haiwezi kumrithi mtu anayeng'oa mche na kuupasua.

La nne, na kwangu la haraka kuliko yote, ni muuza duka la pembejeo. Yeye ndiye daktari wa mimea wa nchi hii, tupende tusipende. Watu wengi watamwona yeye mara 20 kabla hawajamwona afisa ugani mara moja. Sharti la leseni yake liwe kutambua visumbufu 20 vya eneo lake na adui zao, kwa kuonyeshwa vielelezo halisi, na mtihani urudiwe kila leseni inapohuishwa. Juu ya meza yake pabandikwe picha za viumbe hao kwa majina yao ya Kiswahili na ya kienyeji cha pale. Na mteja akisema "mdudu ameingia shambani", kabla mkono haujanyooshwa kwenye rafu, muuzaji amwombe jani, punje, au mdudu mwenyewe ndani ya mfuko. Asiye nacho arudi akakilete. Shamba liko palepale, na dawa itamngoja hadi jioni.